Starbuck kawa demu, mjomba kaninunia!

UGOMVI wa Simba na Yanga naujua, nimezaliwa nao. Nimeshaona mtu na mkewe wakilala mzungu wa nne kwa sababu ya penalti. Lakini kununiana kwangu na mjomba hakukuletwa na mpira, wala siasa, wala shamba la urithi. Kuliletwa na rubani mmoja anaitwa Starbuck, ambaye hajawahi kuzaliwa, anarusha ndege ambayo haijatengenezwa, katika vita ambayo haijapiganwa. Cheka tu msomaji wangu, lakini yaliyotukuta mimi na mjomba yaliwakuta watu wazima na ndevu zao huko Marekani, tena wao walizomeana hadharani.

Ngoja niwape mkanda wale ambao hamjaiona.

Tarehe 17 Septemba 1978 kituo cha televisheni cha ABC cha Marekani kilianza kuonyesha mchezo wa Battlestar Galactica, mtunzi wake Glen A. Larson. Binadamu wanaishi kwenye sayari kumi na mbili za mbali huko, wanavamiwa na maroboti yanayoitwa Cylon, wanateketezwa karibu wote. Wachache waliopona wanajazana kwenye msafara wa vyombo vya anga, vingine vibovu vibovu, manowari moja tu inawalinda, ndiyo hiyo Galactica. Wanakimbia huku wakiitafuta sayari moja ya hadithi za mababu, inaitwa Dunia. Yaani hapa hapa petu.

Star Wars ilikuwa imetoka mwaka mmoja tu nyuma, 1977, na kampuni ya 20th Century Fox ikaona imeibiwa mchana kweupe, ikawaburuza Universal mahakamani. Mchezo wenyewe ulidumu msimu mmoja, 1979 ukapigwa chini. Mwaka 1980 wakajaribu kuurudisha kwa jina la Galactica 1980, ukachemsha, sehemu kumi tu kwisha habari. Ila ule mwanzo wake ulishakatwa ukawa picha kamili ya sinema, na hiyo ndiyo iliyozunguka dunia mpaka ikamfikia mjomba.

Ilikuwa 1986, Magomeni, mjomba ana miaka kumi na minne. Kumbuka Bara hatukuwa na kituo hata kimoja cha televisheni mpaka 1994, kwa hiyo mwenye runinga na deki alikuwa bwana mkubwa, sebuleni anapanga mabenchi, mlangoni anakaa mtu wa kukusanya viingilio. Mjomba na wenzake watano waliiona kanda ile mara nyingi mpaka picha ikaanza kucheza mistari. Wakagawana majina. Mmoja Apollo, yule stelingi. Mmoja, msumbufu wa watoto wa kike, akawa Starbuck, sigara yake karatasi ya daftari iliyosokotwa. Mjomba hakuniambia yeye alikuwa nani, na mimi sikuuliza. Hapo ndipo lilipo kosa langu, nitalirudia.

Sasa kuna mtu wa kumfahamu. Richard Hatch ndiye aliyecheza kama Apollo mwaka 1978. Mchezo ulipokufa wengi walishika hamsini zao, yeye akang'ang'ana. Kuanzia 1997 alitoa vitabu vya kuiendeleza hadithi, akazunguka kwenye mikutano ya mashabiki, na mwaka 1999 akatoboa mfuko wake mwenyewe kutengeneza filamu fupi ya kuonjesha, The Second Coming, akiwa na baadhi ya wakongwe wenzake, ili kuwashawishi wenye mali kwamba mchezo urudi pale pale ulipoishia. Mashabiki walimshangilia ile mbaya. Wenye mali wakauchuna.

Mwaka 2001 matumaini yakafufuka kidogo, Bryan Singer wa X-Men alikuwa anaandaa muendelezo, lakini baada ya mashambulizi ya Septemba 11 ratiba ikavurugika na jamaa akarudi kwenye X-Men zake. Kazi akapewa Ronald D. Moore, aliyekuwa mwandishi wa Star Trek, pamoja na David Eick. Na hawa hawakuja kuendeleza kitu. Walibomoa nyumba nzima, wakabakiza kiwanja na jina la mwenye nyumba.

Katika Galactica yao, Cylon wametengenezwa na binadamu wenyewe, wakaasi, halafu wakajifunza kujitengeneza kwa sura ya binadamu. Unaweza ukalala naye kitanda kimoja usijue. Kamanda Adama akawa Edward James Olmos. Rais wa hao watu waliobaki ni mwalimu mwenye kansa, Laura Roslin, kacheza Mary McDonnell. Na Starbuck? Yule mwanaume wa Dirk Benedict, mcheza kamari, mvuta sigara kubwa, fundi wa kutongoza? Kawa mwanamke! Katee Sackhoff, nywele fupi, sigara ile ile, kamari ile ile, na sehemu ya kwanza tu kamtandika ngumi mkubwa wake wa kazi kwenye meza ya karata.

Wee! Kilichofuata kilikuwa kimbembe. Mashabiki wa zamani waliibatiza GINO, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya Galactica ya jina tu. Oktoba 2003 kulikuwa na mkutano wao wa kutimiza miaka 25 huko California, na Moore akaenda mwenyewe na vipande vya picha yake mkononi. Alizomewa. Nampa heshima yake kwa kwenda, maana angeweza kuzuga ana homa. Olmos naye akamwaga petroli, akatamka wazi kwamba wanaoipenda kwa dhati ile ya zamani wasiitazame hii. Mwaka 2004 Dirk Benedict aliandika makala kali ya kulalamika kwamba Starbuck wake amehasiwa, wanaume siku hizi hawatakiwi kuwa wanaume na kadhalika na kadhalika. Ina vichekesho, lakini ukiisoma taratibu unamwona mtu aliyekuta nguo zake zimevaliwa na mwingine, tena zimemkaa.

Maana zilimkaa kweli. Ilionyeshwa tarehe 8 na 9 Desemba 2003 kwenye Sci Fi Channel, ikapata watazamaji, ikawa mchezo wa kila wiki, Uingereza Oktoba 2004 na Marekani Januari 2005. Jarida la Time likaitaja kuwa mchezo bora wa televisheni wa 2005. Ikapewa tuzo ya Peabody. Machi 2009 watengenezaji na waigizaji wake wakaalikwa makao makuu ya Umoja wa Mataifa, New York, kuzungumzia haki za binadamu na vita. Wale wale waliozomewa!

Mimi niliikuta 2010, Mabibo Hosteli, kwenye DVD ya Kichina yenye msimu mzima ndani ya diski moja, kompyuta ya rafiki yangu, wasichana wanne kitanda kimoja. Nilitegemea mambo ya kitoto, mataa na risasi za rangi. Badala yake nikamkuta Kara Thrace, ndiyo jina lake halisi huyo Starbuck. Nyumbani alipigwa na mama yake, kazini haogopi mtu, mapenzi yanamshinda, ndege haimshindi. Nilikuwa nasoma uhandisi, darasani tulikuwa wasichana wachache mno, na kila wiki kulikuwa na mtu wa kunishauri nihamie ualimu "ambao ni mwepisi kwa akina mama". Msinielewe vibaya, walimu nawaheshimu. Ila siku nilipomwona yule dada akikagua chombo chake mwenyewe, grisi mpaka kwenye shavu na hakuna anayemshangaa, nilidata.

Basi Krismasi ya mwaka ule, nyumbani kwa mjomba, ndugu tumejaa, pilau tumeshakula, nikaanza kusimulia. Mjomba akastuka kusikia jina la Galactica. Uso ukawaka. Akauliza, Apollo yupo? Nikamwambia yupo. Starbuck? Nikamwambia yupo, tena mwanamke.

"Mwanamke vipi? Starbuck ni mwanaume."

"Wa kwako ndiyo mwanaume, mjomba. Wa sasa hivi demu."

Akaomba nimtajie wengine. Nikataja. Akasikiliza, akauliza maswali mawili matatu, halafu akasema hiyo siyo Galactica, hao ni wezi wa jina. Hapo sasa ndipo niliponogewa. Mbele ya shangazi, mbele ya mashemeji, mbele ya wanawe mwenyewe, nikamwambia: "Sema tu unaogopa wanawake, mjomba!" Sebule nzima ilicheka. Utani wa mjomba na mpwa unaruhusiwa, lakini yeye hakucheka. Alitoka nje, akawa anafuta kioo cha gari kilichokuwa safi.

Baada ya hapo salamu zilibaki salamu. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, mama, hujambo." Nikitaja Galactica anaangalia saa. Nami nilimweka kwenye fungu moja na Dirk Benedict, wanaume wa zamani, waacheni.

Halafu mwaka mpya nikafika mwisho wa mchezo. Wenye kutaka kuiangalia bila kuambiwa rukeni aya nne hizi.

Sehemu ya mwisho ilirushwa Marekani tarehe 20 Machi 2009, na mpaka leo ukiwakuta mashabiki wawili wa Galactica wape mada hiyo uone kasheshe lake. Baada ya misimu minne ya kukimbia, wanaifikia sayari ya kijani yenye maji. Swala wanakimbia, flamingo wanaruka. Ni Dunia, miaka 150,000 iliyopita. Wanaamua kuacha mitambo yote, vyombo vyao vinaelekezwa kwenye jua viungue, wao watawanyike waanze upya. Kisha picha inaruka mpaka New York ya leo, mtu anasoma jarida, na huyo mtu ni Ronald Moore mwenyewe, kuna habari ya mifupa ya msichana anayedhaniwa kuwa mama wa mama zetu wote. Msichana huyo ndiye yule mtoto wa kwenye mchezo, Hera, baba binadamu mama Cylon. Na imepatikana wapi? Tanzania!

Tulipiga yowe mpaka vyumba vya jirani wakaja. Diski ikarudishwa nyuma mara tano tusikie tena hilo neno. Manowari ya anga imetoka huko kote inakuja kumwaga abiria kwetu! Nilitamani nimpigie mjomba saa ile ile, saa saba usiku.

Bahati yowe lilipoisha nikaanza kufikiri. Hao wenyeji wetu waliokutwa hapo na mikuki yao, wageni wanawaangalia kwa darubini toka mbali na kusema bado hawana lugha, na Apollo mpya anasema watawapa kilicho bora. Loo! Yaani hata kusema tumefundishwa na wageni? Nchi hii Mary Leakey alifukua fuvu la Zinjanthropus Olduvai mwaka 1959, na mwaka ule ule wa 1978 Galactica ya kwanza ilipotoka, timu yake ilifukua Laetoli nyayo za miguu za viumbe waliotembea wima miaka milioni 3.6 iliyopita. Hawakusubiri usafiri wa mtu. Tena huyo mama wa mama zetu wanasayansi hawakumpata kwenye shimo, walimpigia hesabu kutoka kwenye chembe za urithi za watu walio hai, kina Rebecca Cann, Mark Stoneking na Allan Wilson mwaka 1987. Hana kaburi wala anwani. Na ile mbuga yenyewe waliipigia picha Kamloops, Kanada! Wanyama wakaongezwa baadaye.

Lakini kilichonimaliza kabisa ni Starbuck. Anaongea na Apollo kwenye nyasi, Apollo anageuka kidogo, akirudisha macho hayupo. Kayeyuka. Alikuwa malaika, mzimu, nini, hatuambiwi, mipango ya Mungu, funga duka. George R.R. Martin, mtunzi wa Game of Thrones, alilalamika hadharani mwaka ule ule kuhusu mwisho wa namna hiyo, na mimi nilikuwa upande wake na zaidi. Mwanamke pekee niliyemwona akifanya kazi ile bila kuomba radhi, wanamfuta kama chaki! Nikasimama kitandani nikatangaza kwamba walioandika ule mwisho hawakuwa na haki, hiyo siyo Galactica tena, ni jina tu. Rafiki yangu akaniangalia. "Sasa mbona unaongea kama mjomba wako?"

Nikalala.

Ungedhani kesho yake nilikwenda kumwomba radhi. Thubutu. Miaka ikapita, kazi, watoto, maisha. Mpaka juzi juzi mjomba alipovunjika mguu kwenye bonanza la maveterani, hamsini na kitu anakaba winga wa miaka thelathini. Yeye ni dereva wa watalii, msimu mzima yuko Arusha, kumkuta Magomeni siyo kawaida. Nikaenda kumwangalia. Plasta mpaka kwenye paja, amekaa kwenye kochi anakodolea taarifa ya habari kwa hasira. Nilikuwa na flash kwenye mkoba. Sikuomba ruhusa, nikaichomeka kwenye runinga.

"Hiyo ya Starbuck demu?" akauliza.

"Hiyo hiyo. Mguu wako haukuruhusu kukimbia."

Akacheka, kwanza katika miaka hiyo yote kwa jambo hilo. Tukaangalia. Kara alipopiga ile ngumi, mjomba akaguna, akasema huyu binti hana tatizo. Nikamgeukia. Hana tatizo? Sasa tatizo lilikuwa nini mjomba?

Akanyoosha mkono kuelekea kwenye runinga, kwa Kanali Tigh, yule mzee wa Kizungu mlevi. "Huyu alikuwa mweusi." Kisha Boomer, rubani, kachezwa na Grace Park, dada mwenye asili ya Korea, tena anageuka kuwa Cylon. "Na huyu alikuwa mweusi. Mtu safi, hana kasoro."

Kweli tupu! Tigh wa 1978 alichezwa na Terry Carter, Boomer na Herbert Jefferson Jr., Wamarekani weusi wote wawili, maofisa wawili wakubwa wa manowari ile. Kwenye kuibomoa nyumba walitolewa wote wawili, na kelele zote za dunia zikawa ni za Starbuck. Za kwangu pia.

"Pale Magomeni mimi ndiye niliyekuwa Boomer," mjomba akasema. "Sikupewa kwa sababu ya kukosa. Nililichagua. Tulikuwa hatujawahi kuona mtu kama sisi yuko huko juu anaendesha. Siku ile ya Krismasi nilikuuliza habari za Boomer, ukasema ni mwanamke wa Kichina, halafu ukacheka."

Nilisema hivyo? Nilisema.

Nikajaribu kujitetea, nikamwambia yupo Dualla, kachezwa na Kandyse McClure mzaliwa wa Durban, Afrika Kusini kabisa. Mjomba akamtazama Dualla na spika zake za masikioni. "Huyu anapokea simu." Nikanyamaza, maana kwanza ni kweli, na pili najua yatakayompata huyo dada mbele ya safari.

Tukaendelea. Sehemu ya tatu ya msimu wa kwanza Apollo mpya, Jamie Bamber, anatumwa kwenye chombo cha wafungwa kuzungumza na mfungwa mmoja hatari wa kisiasa, Tom Zarek. Mlango unafunguliwa, mfungwa anainua uso. Mjomba akashika mkono wangu.

"Rudisha nyuma."

Nikarudisha. Alikuwa Richard Hatch. Mvi, mikunjo, sauti ile ile. Mtu aliyepigania miaka na miaka mchezo wake urudi, wakaurudisha bila yeye, halafu wakamwita acheze kama mfungwa, naye akaja. Anakaa mbele ya kijana aliyepewa jina lake na kumhoji kuhusu hilo jina, Apollo, jina la mungu. Mjomba alikuwa amesogea mpaka ukingo wa kochi na mguu wake wa plasta.

"Yuko wapi siku hizi?"

"Alifariki, mjomba. Februari 2017."

Akakaa kimya mpaka sehemu ile ikaisha. "Lakini alirudi," akasema, "nilidhani hakurudi." Akaniambia niweke inayofuata.

Plasta ilipotolewa aliondoka na flash yangu kurudi kazini, na kila usiku hotelini anaangalia mbili, tatu. Ananitumia ujumbe wa sauti kuwakandia waandishi. Kanali Tigh, yule mlevi, sasa anamzimia kupita kiasi, ingawa anasema bado wa kwake alikuwa bora. Wiki iliyopita alinipigia alfajiri, injini inanguruma nyuma yake.

"Mpwa wangu, niko msimu wa nne. Hawa watu wanafika au hawafiki?"

Nikafungua mdomo.

"Usiniambie!" akapiga kelele. "Usithubutu. Nimeuliza tu."

"Sawa. Uko wapi saa hizi, mjomba?"

"Natoka Karatu hapa, napandisha Ngorongoro. Nina Wajerumani sita wanataka kuiona Olduvai."

"Haya mjomba," nikamwambia. "Endesha taratibu."